Kaseti ya Bwana Kesho

Vumbi la maharage makavu siwezi kulivumilia. Linawasha pua, linashuka kooni, na kabla sijapiga chafya nimeshakasirika. Msimu uliopita mjukuu wangu alikuwa akipura maharage uani, simu yake ameiegemeza kwenye beseni, na ndani ya simu hiyo kijana mmoja alikuwa akisema maneno kwa kasi juu ya mdundo. Hakuwa akiimba. Alikuwa akisimulia habari za mtu aliyeondoka kwao, na fimbo ya mjukuu wangu ilikuwa ikianguka pale pale mdundo ulipoanguka.

"Unasikia, Babu?" akasema. "Hii albamu ni ya zamani, watu hata hawaijui. Jamaa alikuwa anachana balaa, ila ilibuma. Walisema haimbi, anapiga stori tu."

Nikamwambia azime.

"Kelele, Babu?"

"Zima, nimesema."

Akazima, akaninunia mpaka jioni. Anadhani wazee hatupendi muziki wao. Sikumweleza kitu. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliokulia katika vijiji vilivyopangwa mistari kando ya barabara, kwa sababu ninyi mtajua ninachosema nikisema kwamba albamu ya namna ile niliisikia nikiwa mtoto, ilirekodiwa Kasulu ndani ya stoo ya duka, na sauti yangu imo. Nayo ilidharauliwa kwa maneno yale yale: haimbi.

Kwetu ni upande wa Kumsenga, Kibondo. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa bondeni, imezungukwa na migomba. Walipokuja kutuhamisha waliing'oa paa kwanza ili tusirudi nyuma. Tukapewa kiwanja barabarani, nyumba zote zikitazama upande mmoja. Watu wazima walilalamikia umbali wa mashamba na maji. Mimi nilikuwa na shida nyingine. Baba alikuwa Tanga, kwenye mkonge, tangu sijaanza kutembea. Akirudi atatukuta wapi?

Basi nilikuwa nikishuka mpaka bondeni peke yangu, nikavunja matawi, nikayalaza chini ncha zikielekea barabarani, ili baba akifika ajue tulikopelekwa. Matawi yakikauka nayabadilisha. Watu waliniona. Siku moja jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akitoka kuchota maji, alisimama na mtungi kichwani akanitazama muda mrefu, kisha akaniambia, "Weka na jiwe juu, upepo usiyageuze." Nikaweka jiwe, nikamshukuru. Nimeshakuwa mzee sasa, na nikimkumbuka mama yule na mtungi wake bado natamani kumrushia jiwe lile lile.

Kwa sababu alijua. Wote walijua.

Aliyekwenda Tanga na baba alikuwa mdogo wake, Baba mdogo Ruhuza. Walichukuliwa pamoja kama manamba, vibarua wa mkataba, wakapanda treni Kigoma siku moja. Baba mdogo alirudi peke yake, mkono wa kulia umebaki na kidole gumba na kile cha mwisho. Vingine viliachwa kwenye korona, mashine ya kukamua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Kwa mkono ule alilima kwa taabu, na fimbo ya kupuria ilimponyoka. Lakini kwetu mtu hakai bure uani wakati wenzake wanapura. Asiyeweza kupiga, anasema. Baba mdogo alikuwa akikalia kinu kilichopinduliwa, sisi tumezunguka lundo la maharage na fimbo zetu, na yeye anatupa maneno. Fimbo zikipanda, anasema. Zikishuka, tunaitikia, "Ego!" yaani ndiyo, tumesikia, endelea. Asipoitikiwa hawezi kuendelea, maana maneno yake yanakosa pa kukanyaga.

Aliyoyasema hayakuwa hadithi za sungura. Alisimulia Tanga. Treni iliyowabeba wamesimama, nyapara aliyekagua matita ya mkonge kwa fimbo, miba, uji, mtu wa Kasulu aliyeota anaongea na mke wake akaamka anaongea na ukuta. Alikuwa na maneno mafupi, yenye kona, na aliyapanga hivi kwamba hata mtu mvivu alijikuta anapiga maharage kwa nguvu. Na katika mkufu huo wote kulikuwa na sehemu moja niliyoipenda kuliko zote, ya Bwana Kesho.

Bwana Kesho alikuwa manamba aliyefunga mzigo wake kila jioni ili arudi kwao.

"Bwana Kesho kafunga mzigo!"

"Ego!"

"Kaufungua, kaufunga tena!"

"Ego!"

"Kanunua viatu vya mwanawe!"

"Ego!"

"Mtoto anakua, viatu havikui!"

"Ego!"

"Kauza vidogo, kanunua vikubwa!"

"Ego!"

"Bwana Kesho, unaondoka lini?"

Hapo fimbo zote zilisimama, na mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kujibu. Mtu huyo ni mimi. Nilipaza sauti kwa kadiri ya mapafu yangu: "Kesho!" Kisha nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, kwa sababu nilimwona kabisa yule mjinga na viatu vyake, akipima hewani kwa kiganja miguu ya mtoto asiyemwona. Sikuwahi kujiuliza kwa nini wengine hawakucheka sana. Wala sikujiuliza kwa nini mama, kila ilipofika sehemu hiyo, aliweka fimbo chini akaenda jikoni kutazama chungu. Nilidhani hampendi shemeji yake. Nilidhani anamwonea wivu kwa kuwa watu wanampenda.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa Kasulu, Mzee Athumani, mtu wa kanzu na kofia, aliyekuja kwetu na lori kununua maharage. Babu zake walikuwa wa Ujiji na alikuwa na jamaa zake Tanga. Siku moja alikuta tunapura. Aliacha kupima magunia akasimama akisikiliza mpaka dereva wake akapiga honi.

"Bwana Ruhuza," alisema, "maneno haya unayamwaga chini pamoja na maganda. Mimi nina redio kaseti dukani. Njoo Kasulu tuyaweke mahali. Lakini useme Kiswahili, wa Ujiji wasikie, wa Tabora wasikie."

"Kiswahili changu ni cha nyapara, Mzee."

"Hicho hicho ndicho ninachokitaka."

Tukaenda, mimi na Baba mdogo, juu ya magunia ya lori. Nilikuwa sijawahi kufika Kasulu, na kwangu ulikuwa mji mkubwa kuliko yote duniani. Mzee Athumani alitupeleka stoo, nyuma ya duka, kati ya magunia ya chumvi na madebe ya mafuta ya taa. Redio kaseti ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Alikuwa ametia mawe mapya ya betri. Akafunga mlango, akasema mtu asikohoe, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja.

Baba mdogo akasema maneno mawili matatu, akanyamaza.

"Kuna nini?" Mzee Athumani akanong'ona.

"Hakuna anayeitikia."

"Si mashine hiyo inasikia?"

"Mashine ni mtoto wa nani, mpaka nimwambie habari za watu?"

Wapagazi wa duka waliokuwa wakichungulia dirishani wakaangua kicheko, na kicheko hicho nacho kikarekodiwa. Ikabidi tuanze upya. Baba mdogo akataka maharage. Mzee Athumani akashika kichwa, lakini akakubali. Wakamwaga gunia zima ambalo halijapurwa kwenye sakafu, wapagazi wakapewa fimbo, nami nikapewa yangu. Vumbi likajaa stoo hata hatuonani. "Mtanipeleka Kabanga hospitali leo!" Mzee Athumani alipiga kelele huku akijifunika mdomo kwa kofia, lakini baada ya muda alikuwa amekunja kanzu yake kiunoni naye anaitikia "Ego!" kwa lafudhi ya pwani, mapema kidogo kuliko wenzake. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Upande wa kwanza ukajaa, tukageuza. Kwenye upande wa pili ilikuwemo sehemu ya Bwana Kesho, na hapo nilipiga ukelele wangu na kicheko changu karibu kabisa na redio.

Baada ya hapo Baba mdogo akainua mkono wake wa vidole viwili. Basi.

"Kaseti bado ina nafasi," Mzee Athumani alisema. "Na huyu Bwana Kesho, mwisho wake?"

"Mwisho hauingii humo, Mzee. Habari ya mtu aliyekufa mbali inasemwa mpaka mwisho siku atakapokuwepo wa kwake wa kuitikia, anayejua anaitikia nini. Akishaitikia, imekwisha. Hairudiwi."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nywele zangu nyeupe kwa vumbi. Nilisikia kila neno. Nilichoelewa ni kwamba Bwana Kesho mchekeshaji alikufa, na nikasikitika kidogo, kama mtoto anavyosikitikia fisi wa kwenye hadithi.

Tulirudi Kasulu mara ya pili siku ya soko, kwa lori lile lile, kuona kaseti yetu inavyopokelewa. Mzee Athumani alikuwa ameiweka redio barazani, sauti imepandishwa mpaka mwisho. Watu walikuwa wengi. Wazee kadhaa wa vijijini, sauti ya Baba mdogo ilipotulia kungoja jibu, waliinama kidogo kwa heshima wakajibu "Ego," kwa sababu hawakuona jinsi ya kuacha maneno ya mtu mzima yaning'inie hewani. Vijana wa mjini waliwacheka wakashikana mabega.

"Mzee, unaongea na kasha!"

"Weka gitaa, Mzee Athumani! Huyu haimbi, anagombana!"

"Anagombana na maharage!"

"Na hicho kitoto kinachopiga kelele kimebanwa na mlango?"

Baba mdogo alisimama kando ya nguzo akitazama miguu yake. Niliwachukia vijana wale, nami nikaanza kuitikia kwa nguvu pamoja na kaseti, sauti yangu na sauti yangu, nikiwaonyesha jinsi inavyotakiwa. Ikafika sehemu ya Bwana Kesho. Mtu mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia, mtu mzima, mikono imejaa makovu meupe ya miba ya mkonge, akainua kichwa. Alikuwa akitabasamu mwanzoni. Sauti yangu ilipolia "Kesho!" na kicheko kikafuata, tabasamu likamtoka.

"Mtoto anayeitikia ni wa nani?" aliuliza.

"Ni mimi!" nilisema kwa majivuno.

Baba mdogo alikuja haraka. "Mwache, ndugu yangu. Ni mtoto."

"Wewe ni wa nani?" yule mtu aliniuliza tena, kama hakumsikia.

"Wa Bihoga, wa Kumsenga. Baba yangu yuko Tanga."

Alivua kofia yake. "Yebaba we," alisema polepole. Kisha akamgeukia Baba mdogo, na sauti yake ilikuwa na ukali ambao mpaka leo namshukuru kwao, maana alikuwa mtu wa kwanza kunionea uchungu. "Ruhuza, mnamfundisha mtoto kumcheka baba yake aliyekufa? Hivyo viatu hakuwa akimnunulia huyu?"

Kaseti peke yake iliendelea, nami nikawa nacheka ndani yake. Nilijisikia nikicheka. Sijui kama kuna mwingine kati yenu aliyewahi kusimama kati ya watu akajisikia akifanya jambo asiloweza tena kulizuia. Nilitaka kuirukia ile redio. Mzee Athumani, ambaye naye hakuwa akijua, akawahi kuizima.

Njia nzima ya kurudi sikumtazama Baba mdogo. Alisema mambo mengi, kwa sauti ya kushinda ngurumo za lori. Kwamba kwetu mtoto hapigiwi kelele ya msiba wa mbali, anangojwa akue. Kwamba mama alisema nisiambiwe, kisha akakubali, kisha akakataa. Kisha akasema jambo ambalo wakati ule sikulitaka kabisa: "Ile sehemu sikuitunga mimi. Aliitunga baba yako mwenyewe. Alikuwa anajicheka kambini kila jioni, sisi tunamwuliza, yeye anajibu. Nilitaka yale majibu yake yawe mdomoni mwako. Sikuwa na kitu kingine chake cha kukuletea."

Niliutazama mkono wake wa vidole viwili nikatamani korona ingeuchukua wote. Hayo ndiyo niliyoyawaza, na sitayapamba.

Msimu uliofuata mvua ziliwahi, tukapuria maharage barazani, chini ya bati la jirani. Ilikuwa mchana. Baba mdogo alikaa kwenye kinu chake akaanza, safari hii kwa Kiha chetu, si Kiswahili cha kaseti, taratibu kuliko kawaida. Watu waliitikia. Alipofika kwa Bwana Kesho alinitazama mimi, nami nikajua kwamba leo ataimaliza. Sasa nilikuwa wa kwake anayejua anaitikia nini. Akauliza, "Bwana Kesho, unaondoka lini?"

Nikafunga mdomo.

Akauliza tena. Fimbo zilibaki juu. Mtu mmoja akaninong'oneza, "Jibu, mwanangu, jibu." Niliona Baba mdogo hawezi kuendelea, nikafurahi. Nataka mlielewe hilo: nilifurahi. Niliona nimepata njia ya kuwaadhibu wote kwa mara moja, yule wa mtungi, huyu wa kinu, na yule wa viatu aliyekufa bila kuniaga. Niliitupa fimbo yangu kwenye matope.

Ndipo mama alipotoka jikoni. Alikuwa na mwiko mkononi. Alisimama mahali pangu, akasema bila kupaza sauti, "Kesho."

Baba mdogo akamtazama. Akaendelea, na mama akaitikia, "Ego." Akaendelea, mama akaitikia tena. Fimbo hazikushuka, walikuwa wawili tu, na mvua juu ya bati. Mimi nilikimbilia nyuma ya nyumba, nikaziba masikio kwa vidole, nikaimba kwa nguvu wimbo wa mchakamchaka wa shule, naurudia na kuurudia ili nisisikie neno hata moja. Nilipotoa vidole masikioni nilisikia wanawake wanalia, kilio cha msiba kabisa. Mama alinyolewa nywele siku hiyo hiyo, kama mjane.

Baba mdogo hakusimulia tena habari za Tanga. Alikaa kwenye kinu chake, akasema vitu vya mvua na vya bei ya chumvi. Mimi sikuzungumza naye isipokuwa salamu, na salamu zetu, mnajua, ni ndefu. Nilizifanya fupi kadiri ilivyowezekana bila kupigwa. Nilikwenda sekondari nikiwa na hasira hiyo hiyo imekunjwa pamoja na shuka zangu. Aliugua nikiwa huko. Nilipata habari, na likizo ile sikurudi, nikasema nina masomo ya ziada. Sikuwa nayo.

Baada ya kuzikwa kwake, ndipo nilipopita Kasulu kwa Mzee Athumani, nikamwomba anisikilizishe kaseti. Alikwenda ndani akakaa sana, akarudi mikono mitupu.

"Nimeifuta, mwanangu. Nilikaa nayo, wallahi nilikaa nayo. Wachache waliochukua nakala walizirudisha. Kila mtu anasema haimbi, haimbi. Kaseti tupu zikawa hazipatikani, watu wanataka dansi. Nikarekodia gitaa juu yake."

"Ulikuwa humo na wewe," nilimwambia. "Ulikuwa unaitikia."

"Nilikuwemo," alikubali. Akanipa soda. Nikaiacha kwenye meza bila kuifungua.

Kwa hiyo mjukuu wangu akiniambia kwamba kuna albamu ilisahaulika kwa sababu mtu wake alisimulia badala ya kuimba, ananiambia mimi? Sikumwambia azime kwa sababu ya kelele. Nilikuwa najua kinachofuata: mtu anaondoka kwao, anakaa mbali, halafu kijana yule atafika mwisho wa habari yake, na mimi sikuwa tayari kukaa kwenye kiti uani nisikie mwisho wa mtu mwingine ilhali wa baba yangu siujui.

Maana siujui. Nilimwuliza mama, mara moja tu, akiwa ameshazeeka. Alikuwa anamenya muhogo kwa kupapasa, macho yalikuwa yamepungua sana.

"Mama, baba alikufaje?"

"Siku ile ulikuwepo."

"Niliziba masikio."

"Najua. Nilikusikia unaimba."

"Basi niambie sasa."

Aliendelea kumenya. Kisu kilikwenda taratibu, ganda likatoka zima.

"Nilishaitikia," alisema. "Haisemwi tena. Uliitwa wewe kwanza. Ruhuza alikungoja."

"Mama, mimi nilikuwa mtoto!" Nilimfokea, mtu mzima mwenye watoto wangu, nikimpigia kelele kikongwe. "Mliningoja nini? Nilikuwa mtoto!"

Aliweka kisu chini akageuza uso wake upande ulikotoka sauti yangu.

"Ndiyo, ulikuwa mtoto," alisema. "Na mimi nilikuwa mke wake. Miaka yote ile Ruhuza anauliza, watu wote wanakutazama wewe. Mimi nani aliningoja?"

Alinisukumia beseni la maganda kwa mguu, nikaliokota, nikatoka kwenda kuyamwaga.